Kadi ya Safari: Hamiani ya Kisasa

Watu wa Pwani hawakuanza jana kusafiri. Kabla ya ndege kutua Port Reitz, majahazi yalikuwa yakivuka kutoka bandari zetu kwenda Maskati, Hadharamaut na Bara Hindi kwa kaskazi na kusi, na kila nahodha na kila mfanya biashara alikuwa na suali lile lile la kujiuliza kabla ya kutweka tanga: fedha nitazichukuaje, na huko niendako zitapokelewa? Karne ya kumi na tisa jibu lilikuwa reale, ile sarafu nzito ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780 uliochorwa juu yake, ambayo ilipokelewa Lamu kama ilivyopokelewa Jedda. Baadaye ikaja rupia ya Hindi, kisha shilingi. Wenye mitaji mikubwa hawakubeba sarafu. Walibeba hundi, karatasi iliyoandikwa na tajiri wa Mombasa au Unguja kumwamuru mwenziwe wa Bombay amlipe mwenye kuishika.

Mwenda Hija naye alikuwa na hamiani, mshipi wa kitambaa au ngozi uliofungwa kiunoni na kutiwa akiba yote ya safari. Wanazuoni waliiruhusu hamiani hata kwa aliyekwisha kuhirimia, kwa kuwa walijua kwamba mtu aliyepotelewa na masurufu yake ugenini hawezi kutulia katika ibada.

Leo suali ni lile lile, lakini jibu limebadilika umbo. Hamiani imekuwa kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kadi ya kitambulisho. Anayekwenda Umra anacho, anayekwenda Dubai kuleta bidhaa anacho, na anayempeleka mzazi wake hospitali ya Chennai au Mumbai anacho. Wengi wetu, hata hivyo, huchukua kadi kama mtu anavyopewa kikombe cha kahawa barazani: tunapokea iliyoletwa, hatuulizi imepikwaje. Matokeo yake hujitokeza mwezi mmoja baada ya kurudi, mtu anapotazama taarifa ya akaunti yake na kuona makato asiyoyafahamu. Na pesa hizo aghalabu si za tajiri. Ni za mama aliyeuza mahamri na viazi vya karai miaka minane ili aione Al-Kaaba kabla hajafa. Kila shilingi inayoliwa njiani ni ya jasho lake. Kwa hiyo yafaa tuitazame kadi hii ndani na nje.

AINA TATU ZA KADI

Ya kwanza ni kadi ya akaunti. Hii imefungamana na pesa zako mwenyewe zilizo benki. Ukilipa riyali mia, thamani yake hukatwa katika akaunti yako, na pesa zikiisha kadi hukataa. Ya pili ni kadi ya mkopo. Hapa benki hulipa kwa niaba yako na wewe huja kuilipa benki baadaye. Usipolipa deni lote kwa muda uliowekwa, riba huanza kuhesabiwa. Ya tatu ni kadi ya kujazwa, ambayo haina haja ya kufungamana na akaunti yako kubwa. Unaitia kiasi unachotaka, unasafiri nacho, na mwizi akiipata hapati zaidi ya kile ulichotia.

Iko na jamaa yao wa nne, ambaye hana mwili. Tangu Juni 2022 wenye M-PESA nchini Kenya wameweza kujitengenezea katika simu kadi ya Visa isiyoshikika mkononi, yenye nambari tu. Hiyo ni msaada kwa kulipia tikiti au chumba cha hoteli kwa mtandao, lakini huwezi kuitumbukiza katika mashine ya kutolea pesa pale Madina. Asafirie nayo mtu kama nyongeza, asiifanye ndiyo tegemeo.

PESA HULIWA WAPI

Msomaji atauliza: kama pesa ni zangu, gharama yatoka wapi? Yatoka katika kubadilisha. Duka la Makka halitaki shilingi, lataka riyali. Akaunti yako ya Mombasa haina riyali; ina shilingi. Kati ya hizo mbili husimama kampuni ya kadi, kama Visa au Mastercard, yenye kima chake cha kubadilishia, na benki yako, ambayo aghalabu huongeza ada yake juu ya kima hicho.

Natuchukue hesabu ya mfano. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986, na dola moja ni riyali 3.75. Mtu akitumia riyali 2,000, hizo ni dola 533 na senti kidogo. Tuseme dola ni shilingi 130. Basi matumizi yake ni kama shilingi 69,333. Ikiwa benki yake hutoza 3 kwa mia kwa kila malipo ya nje, ataongeza shilingi 2,080. Hilo si jambo la kumvunja mtu mgongo. Lakini tuseme mtu huyo hakulipa dukani kwa kadi, bali kila siku alikwenda katika mashine kutoa riyali 200, na benki ikamtoza shilingi 400 kila alipotoa. Kwa mara kumi ameongeza shilingi 4,000. Angetoa mara mbili tu, riyali elfu elfu, ada hiyo ingekuwa shilingi 800. Kadi ni moja na pesa ni zile zile. Tofauti ni desturi ya mtumiaji.

Kwa hiyo suali la kwanza la kuiuliza benki yako, kabla ya kuuliza kadi ni ya rangi ya dhahabu au ya fedha, ni hili: mwatoza ngapi kwa mia ninapolipa kwa pesa za kigeni, na mwatoza kiasi gani kila nitoapo pesa katika mashine ya ugenini? Kadi mbili za benki mbili zaweza kufanana kama pacha na zikatofautiana katika majibu hayo mawili. Akijibu karani kwa maneno tu, mwombe karatasi ya ada zao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

AKAUNTI YA DOLA

Tumetaja kwamba riyali ya Saudia imefungwa kwa dola. Dirhamu ya Imarati nayo imefungwa, dola moja kwa dirhamu 3.67 hivi, na riyali ya Oman vile vile imefungwa. Maana yake ni kwamba mwenye akaunti ya dola na kadi ya akaunti hiyo anapokwenda Ghuba anaijua hesabu yake kabla ya kupanda ndege. Zulia la riyali 375 ni dola 100, leo na kesho. Kilichobaki ni ada ya benki.

Mwenye akaunti ya shilingi hana uhakika huo, kwa kuwa shilingi hupanda na kushuka. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160; ilipofika Aprili mwaka huo huo, ilikuwa imeteremka hadi karibu na 130. Dola elfu moja zilizogharimu shilingi 160,000 mwanzo wa mwaka ziligharimu kama 130,000 muda mfupi kabla ya Hija. Aliyenunua dola zake zote Januari kwa hofu aliumia. Na lau shilingi ingeendelea kuanguka, aliyengoja ndiye angeumia. Yajayo ni ghaibu, na hapana karani wa benki aliyepewa funguo zake. Njia ya mtu wa kiasi ni kununua dola kidogo kidogo kwa muda wa miezi, kama anavyoweka akiba yake, ili bei mbaya na bei nzuri zikutane katikati.

Nambie sasa, je, kila msafiri afungue akaunti ya dola? La. Anayekwenda mara moja katika maisha yake kwa siku kumi, na chakula na malazi yake yamelipwa kwa wakala, hatapata faida kubwa. Huenda ada za kuitunza akaunti hiyo zikapita alichookoa. Lakini mfanya biashara aendaye Dubai mara nne kwa mwaka, au jamaa wenye mgonjwa anayerudi kwa daktari kila miezi sita, hao akaunti ya dola yawafaa. Na wajue kwamba dola haisaidii kila mahali. Rupia ya Hindi haikufungwa kwa dola, kwa hiyo kadi ya dola itabadilishwa tena ifikapo huko, na ada itakuwapo.

SUALI LA MWENYE DUKA

Huu ni mtego ambao huwanasa hata waliosoma. Msafiri yuko katika duka au hoteli ya ugenini, ametoa kadi yake, na kile kidude cha kulipia kinamuuliza: je, wataka kulipa kwa riyali au kwa shilingi za Kenya? Moyo humwambia achague shilingi, kwa kuwa ndizo azijuazo. Asifanye hivyo.

Akichagua shilingi, kubadilisha hakufanywi tena kwa kima cha kampuni ya kadi. Hufanywa kwa kima cha anayeendesha kile kidude upande wa duka, naye huongeza faida yake humo humo. Katika mfano wetu wa shilingi 69,333, nyongeza ya 5 kwa mia ni shilingi 3,467, na benki yako ya nyumbani huenda ikatoza ada yake juu ya hapo, kwa kuwa malipo yamefanyika nje. Mashine za kutolea pesa nazo huuliza vivyo hivyo. Jibu ni moja popote uendapo: lipa kwa pesa za nchi uliyomo. Mfundishe mama yako neno hilo kabla hajaondoka, na umwonyeshe jinsi maandishi hayo yanavyotokea, kwa kuwa muuzaji mwenye haraka huweza kumbonyezea.

KADI YA MKOPO NA RIBA

Hapa twaingia katika jambo lisiloweza kupitwa na Muislamu. Wako wanaoichukua kadi ya mkopo kwa fahari, na wako wanaoikimbia kwa jina lake tu. Yafaa kujua waliyoyasema wanazuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Riyadh mwaka 2000 na kulitolea uamuzi. Kwa ufupi, Baraza lilisema kwamba haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kuichukua ameazimia kulipa kabla riba haijaanza. Kadi isiyo na sharti hilo haikukatazwa. Benki yaweza kutoza ada maalumu ya kutoa kadi au kuipya, ikiwa ni malipo ya kazi iliyofanywa, wala haihesabiwi riba. Na mwenye kadi akitoa pesa taslimu juu ya mkopo, ada isipande kwa wingi wa pesa wala kwa urefu wa muda.

Tazama jinsi uamuzi huo ulivyo mzito. Mwingi wa watu husema, "Mimi nitalipa mwisho wa mwezi, riba hainigusi." Baraza latazama sharti ulilotia saini. Aliye na shaka amuulize shehe wake akiwa na mkataba mkononi, si kwa kusimulia, kwa kuwa kadi mbili za jina moja huweza kuwa na mikataba tofauti. Kenya, tangu benki za kwanza zinazofuata sharia kuanza kazi mwaka 2008, mtu hana tena udhuru wa kusema kwamba hapana pa kuuliza. Na kadi ya akaunti, ambayo hutumia pesa zako mwenyewe, haina mgogoro huu; Baraza lile lile lilikutana Maskati mwaka 2004 na kuijuzisha.

Jambo hili lawahusu hasa kina mama wanaopitia soko la dhahabu la Deira. Dhahabu na pesa, katika fiqhi, hubadilishwa mkono kwa mkono, bila ya kucheleweshana. Ndiyo sababu Baraza lilikataza mwaka 2000 kununua dhahabu, fedha au sarafu za kigeni kwa kadi ya mkopo, na likaruhusu baadaye dhahabu inunuliwe kwa kadi ya akaunti yenye pesa zake. Bangili ni ile ile na duka ni lile lile. Kadi uliyoitoa ndiyo inayotenga.

MATATIZO YA NJIANI

Ada na riba zikishajulikana, yabaki mambo madogo ambayo huleta machozi makubwa.

La kwanza ni ruhusa. Benki ikiona kadi ya Mombasa yatumika ghafula Madina saa nane za usiku, huenda ikadhani imeibiwa na kuifunga. Iarifu benki kabla ya kusafiri: nchi gani, tarehe gani hadi gani. Uliza pia kama kadi imefunguliwa kutumika nje, na kiwango chake cha matumizi kwa siku.

La pili ni simu. Malipo mengi ya mtandao siku hizi huhitaji nambari ya muda inayotumwa na benki kwa ujumbe wa simu. Wasafiri wetu hufika Jedda, huchomoa laini ya Kenya na kutia ya Saudia, na hapo ujumbe hauwafikii tena. Uliza kampuni yako ya simu namna ya kuiacha laini ya Kenya ikifanya kazi ugenini, na uliza benki kama nambari hiyo yaweza kupatikana katika programu yake ya simu.

La tatu ni amana za hoteli. Hoteli nyingi, unapoingia, huzuia kiasi fulani katika kadi yako kama rehani, kisha hukiachilia baada ya kutoka. Kwa kadi ya akaunti, zilizozuiliwa ni pesa zako halisi, na kuachiliwa kwake huweza kuchukua siku kadhaa. Aliyepanga kula kwa pesa hizo atashinda na njaa. Uliza kiasi cha rehani kabla, na acha nafasi katika akaunti.

La nne ni kupotea. Usiende na kadi moja. Chukua mbili, za benki mbili ikiwezekana, moja iwe nawe na nyingine ibaki chumbani. Mume na mke wasiweke zote katika mkoba mmoja. Andika nambari ya simu ya benki ya kupiga ukiwa nje, uiweke mbali na kadi. Nambari ya siri usiiandike juu ya kadi wala usimpe kijana mwema anayejitolea kukusaidia katika mashine. Ifunike kwa mkono mwingine unapoibonyeza, hata kama nyuma yako amesimama jirani yako wa Kibokoni.

PESA TASLIMU NAZO

Saudia imebadilika sana: tangu mwaka 2020 maduka ya rejareja yametakiwa na sheria yawe na njia ya kulipwa kwa kadi au simu. Hata hivyo taslimu haijafa. Dereva wa teksi, muuza miswaki aliyekaa chini, mpishi wa kibanda, na maskini unayetaka kumpa sadaka, hao wataka noti. Beba kiasi cha siku tatu au nne, na nyingine utoe mara chache kwa kiasi kikubwa. Anayechukua dola 10,000 au zaidi atakiwa na sheria ya Kenya azitangaze forodhani anapotoka na anapoingia. Asizifiche, kwa kuwa kuficha ndiko kunakomtia mashakani.

Na kwa wenye wagonjwa, neno moja: bili ya upasuaji si ya kadi. Ni kubwa, kiwango cha siku chaweza kuikataa, na ada ya 3 kwa mia juu yake ni pesa nyingi. Iombe hospitali nambari ya akaunti yake na ankra ya makadirio kabla ya safari, ulipe kutoka benki moja hadi nyingine, na kadi iachiwe dawa, chakula na chumba cha anayemuuguza mgonjwa. Mtu asimamishwe mlango wa hospitali, mzazi wake yu kitandani, eti kadi imekataa, hali pesa anazo.

Huko nyuma, kabla ya sheria ya kudhibiti fedha za kigeni kufutwa mwaka 1995, Mkenya alihitaji idhini ndipo apate pesa za kigeni za safari, na aghalabu alizibeba kwa cheki za wasafiri. Leo mlango u wazi, na jukumu limehama kutoka serikalini likaja mikononi mwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Umma uliofundishwa kuandika deni haupaswi kutia saini mkataba wa kadi bila ya kuusoma. Nami kwa mila ya ukurasa huu nawaachia ubeti mmoja, wenye kutaka wauhifadhi na wenye kutaka waujibu:

Hamiani ni ya kale, na kadi ndiyo ya sasa,
Usifuate wa mbele, walovutwa na hamasa,
Uliza ada ni tele, au ndogo ya kupasa,
Deni likaapo lile, hukua likakutesa.